Vitabu Ambavyo Ningependa Kuvisoma Tena kwa Mara ya Kwanza

Mwishoni mwa muhula, mitihani ikiisha na alama zikikoma kugombaniwa, wanafunzi wangu hupata ujasiri wa kuuliza mambo yasiyo katika mtaala. Swali moja hurudi kila mwaka: ni kitabu gani ningependa kukisoma tena kana kwamba sijawahi kukifunua? Jibu langu halijabadilika. Ni Kusadikika cha Shaaban Robert, na sababu zangu ni za kisiasa kuliko za kifasihi.

Kitabu kile kimejengwa kama kesi. Karama ameshitakiwa kwa kufundisha uanasheria katika nchi ambayo wakubwa wake wanaiona elimu hiyo kuwa hatari. Mshitaki wake, Majivuno, amekwisha kumhukumu moyoni kabla baraza halijasikia neno. Karama apewapo ruhusa ya kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, mpaka mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, na jinsi walivyopokewa waliporudi. Msomaji anayekutana na kisa hiki kwa mara ya kwanza ameketi barazani pamoja na wasikilizaji. Mjumbe wa kwanza anapotendewa alivyotendewa, msomaji hukasirika. Wa pili anapoondoka, hutumaini. Kufikia wa nne, hasira imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine, kizito na kitulivu zaidi, na nadhani ndicho mwandishi alichokuwa akikitafuta. Kitu hicho hakipatikani kwa kuambiwa. Hupatikana kwa kutumaini na kuvunjwa moyo, kisha kutumaini tena.

Tukumbuke kwamba kitabu kilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza, na kwamba mwandishi alikuwa karani serikalini. Watumishi wa umma wanaonisoma hapa hawahitaji kufafanuliwa ulikuwa ujasiri wa namna gani. Nchi yake aliitundika hewani, akamwachia kila msomaji kazi ya kuitafuta ardhini.

Mwanafunzi wa leo hanyimwi kitabu. Hunyimwa kazi hiyo. Kabla hajakigusa, amekwisha kupewa mwongozo unaomweleza kwamba Kusadikika ni nchi fulani, kwamba Karama anawakilisha watu fulani, kwamba dhamira ni hizi na wahusika wana sifa hizi. Mengi ya hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba yamefika kabla ya kesi kusikilizwa. Mwanafunzi anaingia barazani akiwa na hukumu mfukoni, na humo barazani mwenye hukumu mfukoni ni Majivuno.

Siwalaumu vijana. Mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya humpa mtahiniwa dondoo na kumtaka aeleze muktadha wake. Wetu wa Tanzania humtaka athibitishe kauli fulani kwa kutumia kazi mbili katika zile alizosoma. Maswali yote mawili yanaweza kujibiwa, tena kwa alama nzuri, na mtu ambaye hajawahi kukesha na riwaya hata usiku mmoja. Katika shule ambako nakala moja hupita mikono mingi, mwongozo ni mwembamba, unapatikana, na unafaulisha. Mwanafunzi anayeununua ana akili timamu. Ni sisi tulioupanga mchezo hivyo.

Ukitaka kuuona upotevu huu waziwazi, chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Hii ni riwaya ya upelelezi: kuna maiti, kuna mzimu unaoogopwa, na kuna Bwana Msa na kiko chake, akifuatwa na rafiki yake Najum ambaye, kama sisi wasomaji, huona kila kitu na kuelewa kidogo. Nakala niliyoazimwa nikiwa kijana ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho. Kwa majuma kadhaa nilitembea na wauaji watatu kichwani, kila mmoja nikimjengea ushahidi wake, mpaka nilipopata nakala kamili. (Muuaji sitamtaja hapa.) Sijui somo lolote la mantiki nililofundishwa darasani ambalo lilinishughulisha kiasi hicho. Leo nikikisoma kitabu kile nafurahia lugha, naifurahia Unguja ya zamani, lakini watuhumiwa wangu hawarudi tena.

Rosa Mistika ni kisa cha ajabu zaidi. Euphrase Kezilahabi aliichapisha mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa shuleni kwa madai kwamba ingewaharibu vijana. Baadaye ikaja kufundishwa. Mimi si mtetezi wa marufuku ya vitabu, na msomaji wangu wa siku nyingi anajua. Lakini nathubutu kusema kwamba marufuku ile iliudhuru usomaji wa kwanza kidogo kuliko mwongozo. Waliomsoma Rosa kwa kificho, chini ya shuka, walimsoma wao wenyewe. Walimkasirikia baba yake, Zakaria, kwa hasira zao wenyewe, na walipofika mwisho hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba hapo dhamira ni malezi. Wengine walifikia uamuzi mbaya. Ulikuwa wao.

Nasema haya ni siasa kwa sababu nimeyaona nje ya darasa. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyokuwa imepangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na wananchi hawajaipigia kura hadi leo. Katika miaka ile nilihudhuria midahalo ya vyuoni na ya mitaani, na karibu kila mzungumzaji alikuja amekwisha kujua jibu: serikali mbili, au serikali tatu. Ulipomwomba akuonyeshe ibara inayomkera, alikutajia hotuba. Alikuwa ameisoma katiba kama alivyoisoma riwaya ya kidato cha nne, yaani kwa kusimuliwa, na wasimulizi walikuwa wengi na wenye sauti kubwa. Wanaharakati hawakuwa bora sana kuliko wanachama wa vyama. Walikuwa tu na msimulizi tofauti. Na Karama, tusisahau, alishitakiwa kwa kutaka watu waijue sheria wenyewe.

Wapo wenzangu katika taaluma wasemao kwamba ninakuza jambo, kwa kuwa usomaji wa kweli ni wa pili na wa tatu. Hoja yao ina uzito. Kuli cha Adam Shafi sikukielewa vizuri mpaka niliporudi kwake baada ya kusoma historia ya mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Lakini usomaji wa pili ni mjadala baina ya mtu na nafsi yake ya zamani, na ambaye hakusoma mara ya kwanza hana wa kujadiliana naye. Mwongozo hauwezi kushika nafasi hiyo, maana haukuwahi kutumaini wala kuvunjika moyo.

Darasani kwangu nimeweka utaratibu mdogo. Majuma mawili ya kwanza ni marufuku kuleta makala ya uhakiki, na dibaji hatuzisomi mpaka tumalize kitabu. Tukifika katikati, kila mwanafunzi huandika karatasi moja: anadhani nini kitatokea, na kwa nini. Karatasi hizo sizipi alama, jambo ambalo huwatia wengine hofu kuliko mtihani. Nagona cha Kezilahabi, cha mwaka 1990, kinafaa sana kwa zoezi hili, kwa sababu ni kitabu chembamba ambacho hata mimi, kila nikirudi, sina hakika kinaelekea wapi. Ni kama kinakataa kusomwa mara ya pili.

Lakini utaratibu wa mhadhiri mmoja haubadilishi mfumo, na wanafunzi hunifikia wakiwa wamekwisha kuzoea. Pendekezo langu kwa wanaotunga mitihani ni dogo. Katika ushairi, mtahiniwa wa Kenya huwekewa shairi asilowahi kuliona, akatakiwa kulisoma papo hapo na kusema alilolielewa. Hakuna anayeona kwamba ni uonevu. Basi tufanye vivyo hivyo kwa nathari, Kenya na Tanzania: sehemu moja ya karatasi iwe na hadithi fupi isiyomo katika orodha yoyote, kurasa tatu au nne, na maswali ambayo hayawezi kujibiwa ila na mtu aliyeisoma. Hadithi hiyo haitakuwa na mwongozo kwa sababu hakuna atakayeijua kabla ya asubuhi ya mtihani. Nimekwisha kulitoa wazo hili katika vikao viwili, na mara zote mbili nikajibiwa kwamba majibu ya wanafunzi yatatofautiana mno na kusahihisha kutakuwa kugumu. Ni kweli kutakuwa kugumu. Wasahihishaji watalazimika kusoma.