Kwa gari la mazao, chujio kwanza, bomba la hewa baridi baadaye

WAFANYABIASHARA wanaosomba maharage, mahindi na muhogo kutoka vijiji vya Busunzu kwenda Kibondo na Kasulu wanajua kwamba faida ya safari huliwa na mafuta na gereji. Ndiyo maana mwenye gari akiambiwa kuna kifaa cha kuongeza nguvu na kupunguza mafuta, husikiliza.

Kifaa chenyewe ni bomba la hewa baridi. Fundi huondoa boksi la chujio la hewa, ambalo wengi huliita eya klina, kisha hufunga bomba pana lenye chujio la wazi mwishoni. Hoja yake si ya uongo. Hewa baridi ni nzito, na ikipoa kwa nyuzi 10 hivi injini hupata hewa zaidi kwa takriban asilimia 3.

Tatizo ni kwamba magari mengi yaliyotengenezwa miaka ya karibuni tayari huvuta hewa kutoka nje, karibu na taa ya mbele au ndani ya madigadi. Mnunuzi analipia kitu alichonacho. Wauzaji hudai pia kuwa huku kwenye miinuko hewa ni nyepesi. Ni kweli, lakini bomba haliifanyi iwe nzito; kazi hiyo hufanywa na taabo.

Kuhusu mafuta, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009. Katika magari ya petroli yanayoongozwa na kompyuta, hata chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Gari lilizidi tu kuwa zito kuchanganya. Ni magari ya zamani ya kabureta yaliyonufaika na chujio jipya.

Hata hivyo, tumpe muuzaji nafasi. Tuchukulie kifaa kinauzwa shilingi 300,000 na lita ya petroli shilingi 3,000. Mwenye gari lazima aokoe lita 100. Akitumia lita 10 kwa siku na kuokoa asilimia 2, atahitaji siku 500 za kazi kurudisha fedha yake, bila kuhesabu vumbi.

Na vumbi ndilo jambo lenyewe. Ni kweli kwamba mradi wa barabara ya lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, uliidhinishiwa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Lakini maharage hayaoti kando ya lami. Gari huyafuata shambani, kwenye udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi likitanguliwa na lori dereva haoni mbele. Vumbi hilo lina chembe za mchanga mgumu. Zikipenya chujio la wazi lisilobana vizuri, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Gari huanza kula oili, moshi wa bluu unatoka, na mwenye gari anadhani amelogwa.

Yapo machujio ya pamba yanayooshwa na kupakwa oili. Hayo nayo yana sharti lake: oili ikizidi huchafua kihisi cha hewa, na injini hukosa mpangilio. Masika nako, bomba lililoshushwa chini hunyonya maji ya dimbwi. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo mkono wa pistoni hupinda.

Kwa maoni yetu, mwenye gari la mazao aweke fedha hiyo kwenye chujio halisi la karatasi, akague klipu na mpira wa bomba, na wakati wa vumbi afungue boksi kila wiki. Chujio likishachanika asilipulize kwa upepo na kulirudisha. Mwenye Land Cruiser anayevuka mito anaweza kufikiria bomba refu la kupanda hadi juu ya paa, kwani huko vumbi na maji ni pungufu. Shirika la Viwango Tanzania nalo liyafuatilie machujio bandia hadi kwenye maduka ya vipuri ya wilayani, maana mkulima akiuziwa karatasi isiyochuja hana namna ya kuitambua mpaka injini ifunguliwe.