Neno la Mhariri: Vifo vya Kasongo Vilisomwaje?

Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala kuhusu chanjo ya surua. Mahali pa majina ya waandishi paliandikwa tu: Timu ya Mradi wa Kasongo. Ndiyo Kasongo hii hii yetu, hapa Maniema, Kongo. Sidhani kama wasomaji wengi wa Lusangi au Kabambare wamewahi kuitia machoni makala hiyo, ingawa wataalamu wa afya ya umma wameibishania kwa miaka mingi. Toleo hili linauliza elimu ya sayansi hupatikanaje na kwa nini hubadilika, nasi tumeona tuanzie nyumbani.

Timu hiyo, ikishirikiana na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ililinganisha watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa na wasiochanjwa. Mwanzoni waliochanjwa walifariki wachache zaidi. Lakini kadiri walivyokua, pengo kati ya makundi hayo mawili lilipungua. Ikatolewa tafsiri nzito: huenda surua huwachukua hasa watoto dhaifu, na dhaifu aliyeokolewa na sindano leo, kesho huchukuliwa na kuhara au homa ya mapafu.

Peter Aaby, Mdenmarki aliyeanza utafiti Guinea-Bissau mwaka 1978, akaona mambo mengine. Huko, vifo vya waliochanjwa vilipungua mno, kupita hata kiasi kilichotarajiwa kwa kuzuia surua peke yake. Tena aligundua kwamba katika nyumba yenye watoto wengi, anayeambukizwa na mwenzake wa chumba kimoja huugua vibaya zaidi, hata akiwa ameshiba na ana afya. Msongamano ndani ya nyumba ulikuwa na uzito ambao udhaifu wa mtoto pekee haukuweza kuueleza.

Mwanafalsafa akiisoma habari hii, atakumbuka somo la mwanafizikia Pierre Duhem, la mwaka 1906: jaribio halipimi dai moja peke yake, hupima dai pamoja na dhana zote zilizolibeba. Hesabu za Kasongo hazikusema kwamba dhaifu atakufa tu. Kati ya hesabu na tafsiri ilikaa dhana kwamba surua huchagua wanyonge, na Bissau ilipiga hapo hasa.

Mwanasosholojia atauliza kwa nini dhana hiyo ilionekana wazi kiasi hicho. Tazama miaka. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yaliahidi huduma kamili ya afya ya msingi kwa wote. Mwaka uliofuata wataalamu wa afya Julia Walsh na Kenneth Warren wakapendekeza njia ya mkato: huduma chache zilizochaguliwa, chanjo ikiwemo. Kasongo walikuwa wamejenga mfumo mzima wa vituo vya afya. Watu wa namna hiyo walikuwa na sababu ya kutilia shaka sindano moja inayosifiwa peke yake, na shaka hiyo haikuwa hila. Mwanasosholojia wa sayansi David Bloor alisisitiza mwaka 1976 kwamba aliyepatia naye aulizwe maswali yale yale anayoulizwa aliyekosea. Basi tumuulize Aaby. Alisomea anthropolojia, akafundishwa kuangalia nani analala na nani. Alichokiona kilitokana na alikotoka.

Hapo ndipo baadhi ya wanasosholojia huniacha njiani. Kujua swali lilizaliwa wapi hakutuambii kama mtoto angepona. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya surua yenye nguvu kubwa kwa watoto wachanga zaidi. Ufuatiliaji wa Guinea-Bissau na Senegal ukaonyesha kwamba wasichana walioipata walifariki zaidi ya wenzao, na mwaka 1992 pendekezo likaondolewa. Matokeo hayo hayakumfaa yeyote mwenye madaraka, lakini yalishinda.

Hata hivyo naipa sosholojia haki yake kwa jambo moja linalonichoma. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, aliyewahi kufundisha Kinshasa na Lubumbashi, alilalamika kwamba sayansi huchukua takwimu Afrika kama malighafi, nadharia ikatengenezwa kwingine. Vifo vya Kasongo vilipita njia ya dhahabu ya mgodi wa Namoya: vilihesabiwa hapa, vikachapishwa London. Na ukweli wenyewe ulipata hasara. Nani angejua kuliko mama na muuguzi wa kituo kama mtoto alikuwa dhaifu kabla ya surua? Dhana ile ingeweza kubishaniwa hapa hapa, kwa lugha ya hapa, bila kungoja jibu kutoka Bissau.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2014 wataalamu wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani walipitia hoja kwamba chanjo ya surua hulinda zaidi ya surua, wakaomba majaribio zaidi. Majaribio hayo yakiletwa Maniema, tunataka maswali yake yajadiliwe Kasongo, Lusangi na Kabambare kabla karatasi zake hazijapigwa chapa.