Digrii ya bahari bila kulowa

Jamani wadau, tuambiane ukweli. Kijana wa Kitanzania anahitimu shahada ya sayansi za bahari au mazingira, na hajawahi hata siku moja kuvaa mtungi wa hewa akashuka kutazama matumbawe. Halafu tunamshangaa akifungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu!

Naandika nikiwa Mafia. Hapa ndipo ilipo hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, kilometa za mraba 822. Kazi ipo tele. Matumbawe ya Tutia yalipauka kwa joto la mwaka 1998, lazima kuna mtu wa kuhesabu yaliyorudi. Papa potwe wanaonekana jirani na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na wageni wanalipa kuogelea nao.

Sasa tazama nani anapata nafasi. Kabla hata ya hifadhi, vijana wa Uingereza walikuja kupitia Frontier, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazamia na kupima miamba hii. Walijilipia wenyewe kuja kujitolea! Sina ugomvi nao, kazi yao ilisaidia. Lakini walirudi kwao na uzoefu, na uzoefu ndio kila tangazo la kazi linautaka. Wa kwetu anaambiwa alete miaka mitatu, wakati kozi ya kuzamia ni ya kulipia. Ataipata wapi, kwenye daftari?

Na msiniletee ile ya "jiajiri". Kufuga majongoo bahari sawa, lakini nani atajiajiri kuhesabu matumbawe? Atamuuzia nani hiyo hesabu?

Mtafiti wa kigeni akiomba kibali COSTECH anatakiwa awe na mshirika Mtanzania. Safi sana. Ila mshirika asiishie kuwa mhadhiri mwenye jina tayari. Nataka kila kibali cha utafiti wa baharini kibebe na mhitimu mmoja, alipwe, afundishwe kuzamia kwa fedha za mradi, na jina lake litokee kwenye ripoti. Waanze na vijana wa Chole na Jibondo, ambao maji hawayaogopi.

Najua kuna watakaosema wafadhili watakimbia. Wakimbilie wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa potwe wengi hawaondoki Mafia hata msimu ukiisha, wanasogea tu mbali na macho yetu. Anayetaka kuwachunguza atakuja hapa hapa.