Bwaga Moyo, Si Bwagwa

Wapo washairi wanaoshikilia kwamba Bagamoyo, "bwaga moyo", ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani. Utumwa ulikuwepo, na uchungu wake haukanushiki. Ila kitenzi hakiungi mkono dai hilo. Abwagaye ndiye mtenda: hutua mzigo alioubeba. Aliyeporwa moyo hakuubwaga, umebwagwa. Tena, kubwaga moyo katika Kiswahili cha jadi ni kupumzika, kutua dhiki. Nani wa kupumzika hapo, kama si mpagazi wa Kinyamwezi, atokaye Tabora kwa miezi ya mwendo, pembe ya ndovu begani, akitumainia ujira wake? Kumfuta katika jina hilo ni dhuluma. Mshairi apimaye mizani na apime pia kitenzi.