Farasi 200 wanatosha: kasoro ya Toyota 86 ilikuwa kwingine

Tangu Toyota ilipoanza kuuza gari lake dogo la spoti, 86, mwaka 2012, swali moja limekuwa likirudi kila mara: je, gari hili lina nguvu ya kutosha? Wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani wameliuliza. Vijana wa Lubumbashi na Goma wanaopenda magari nao wanaliuliza, wakitazama picha na video zake kwenye simu. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hapana, nguvu haitoshi. Jibu hilo lina kosa, na kosa lenyewe linawagharimu wanunuzi wa magari.

Kwanza hesabu. Toyota 86, iliyojulikana Ulaya kwa jina la GT86, ilitengenezwa pamoja na Subaru, katika kiwanda cha Subaru mjini Ota, jimbo la Gunma. Ndugu yake wa upande wa Subaru anaitwa BRZ. Moteri yake ni ya lita 2, haina turbo, na inatoa nguvu za farasi 200 ikifika mizunguko 7 000 kwa dakika. Gari lina uzito wa karibu kilo 1 240. Likiwa na vitesi za mkono, hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 7,6. Mwendo wake wa mwisho ni kilomita 226 kwa saa.

Sekunde 7,6 hazimshangazi mtu siku hizi. Kuna magari ya familia yanayofanya vizuri zaidi. Lakini uendeshaji wa kila siku unafanyika wapi? Mjini, katika inchi nyingi, dereva anaruhusiwa kilomita 50 kwa saa. Ufaransa, barabara nyingi za vijijini zimewekewa kikomo cha kilomita 80 tangu Julai 2018. Japani, gari hili lilikozaliwa, sehemu kubwa ya barabara kuu zina kikomo cha kilomita 100. Sehemu kubwa ya maisha ya gari hupita kati ya 0 na 100, na mara nyingi zaidi kati ya 30 na 80.

Katika nafasi hiyo, nguvu nyingi sana huanza kuwa mzigo. Mfano ni Porsche 718 Cayman GT4, gari linalosifiwa na karibu kila anayelijua. Vitesi yake ya pili peke yake inapita kilomita 130 kwa saa. Dereva anayetaka kuisikia moteri hiyo ikipanda hadi juu, kisha abadilishe vitesi mara mbili, lazima avunje sheria au atafute uwanja wa mashindano. Katika Toyota 86, vitesi ya pili inaishia karibu kilomita 100. Mtu anaweza kukanyaga mafuta hadi mwisho, kusikia moteri inalia, na kubadilisha vitesi, bila kuhatarisha leseni yake wala mtu anayevuka barabara.

Waundaji wa gari walilijua hilo. Waliacha turbo kwa makusudi, wakaiweka moteri chini ili uzito ukae karibu na barabara, na wakafunga mipira myembamba ya upana wa milimita 215, ya aina ileile iliyowahi kufungwa kwenye Toyota Prius, gari la kubana matumizi ya mafuta. Mipira myembamba huanza kuteleza mapema, kwa mwendo mdogo. Dereva anasikia gari linavyofanya kazi hata kwenye kona ya kawaida, bila kungoja afike kilomita 150.

Basi malalamiko yalitoka wapi, kama nguvu ilitosha? Hapa ndipo wanaolalamika wana haki, ingawa wanalitaja tatizo kwa jina lisilo lake.

Farasi ni kipimo cha nguvu ambayo moteri inaweza kutoa ikifika kilele chake. Kinachousukuma mgongo wa dereva kwenye kiti ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Newton-mita. Katika Toyota 86 ya kwanza, nguvu hiyo ni Newton-mita 205, na inapatikana yote pale tu moteri inapopita mizunguko 6 000. Mbaya zaidi, kati ya mizunguko 3 500 na 4 500 hivi, nguvu hiyo inashuka kabla ya kupanda tena. Wenye gari hilo wanalijua shimo hilo vizuri. Mtu anakanyaga mafuta, moteri inaitika, halafu kwa muda kidogo inaonekana kama imesahau ilichoombwa, kisha inaamka.

Tatizo ni kwamba shimo lipo mahali dereva wa kila siku anapoishi. Aliye katika vitesi ya tatu kwa kilomita 70 kwa saa, akitaka kupita lori, moteri yake iko karibu mizunguko 3 700, ndani kabisa ya shimo. Hakuna anayemweleza kwamba kilele kiko mbali huko juu. Yeye anachojua ni kwamba amekanyaga na gari halikwenda. Akifika nyumbani anasema: gari hili halina nguvu.

Linganisha na Volkswagen Golf GTI ya miaka hiyohiyo. Ilikuwa na farasi 210, kumi tu zaidi ya Toyota. Lakini turbo yake iliipa Newton-mita 280 kuanzia mizunguko 1 700. Mtu aliyejaribu magari hayo mawili siku moja alitoka na picha mbili tofauti kabisa, wakati karatasi za mauzo zilionyesha farasi karibu sawa.

Wakongomani wanao mfano wa karibu zaidi. Wengi wameshapanda Toyota Prado ya mazuti ya lita 3. Farasi wake ni karibu 170 tu, pungufu kuliko wa Toyota 86, na uzito wake unapita tani mbili. Hata hivyo hakuna anayesema Prado ni dhaifu, kwa sababu inatoa Newton-mita 400 na zaidi kabla ya mizunguko 2 000. Inapanda mlima ikiwa imejaa watu na mizigo, na dereva habadilishi hata vitesi. Prado si gari la spoti, lakini inaonyesha wazi kwamba hesabu ya farasi peke yake haimwambii mtu gari litakavyojisikia mikononi mwake.

Toyota na Subaru walisikia. Mwezi wa Aprili 2021 walionyesha gari jipya, GR86, na jambo walilolirekebisha linaeleza mengi. Kwa toleo la Ulaya farasi walipanda kutoka 200 hadi 234. Hilo ndilo lililoandikwa kwenye vichwa vya habari. Lakini badiliko kubwa lilikuwa lingine: moteri ilikuzwa hadi lita 2,4, nguvu ya kuzungusha ikapanda hadi Newton-mita 250, na kilele chake kikashuka hadi mizunguko 3 700. Palepale palipokuwa na shimo, sasa pana kilele. Turbo haikuwekwa. Uzito haukupanda sana. Baada ya hapo malalamiko kuhusu nguvu yalipungua sana, ingawa farasi 234 bado ni wachache kuliko wa magari mengi ya familia yenye betri.

Kuna hoja mbili dhidi ya msimamo huu, na zote zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni usalama. Wapo wanaosema nguvu nyingi humsaidia dereva kupita haraka na kurudi upande wake. Ni kweli, na anayeijua barabara ya kitaifa namba 1 kati ya Lubumbashi na Likasi, na malori yake ya madini, anaelewa wasiwasi huo. Lakini dereva wa Toyota 86 anayeshuka hadi vitesi ya pili kabla ya kupita lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa anakuwa juu ya shimo, na gari linakwenda vizuri. Gari linamtaka ajue vitesi zake. Na farasi 500 nao wana hatari yao: gari likiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha inaongezeka mara nne. Anayefika kilomita 140 kabla hajamaliza kupita lori moja amejiongezea tatizo lingine la freni.

Hoja ya pili ni ya milima, nayo inawagusa watu wa mashariki ya Kongo moja kwa moja. Moteri isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1 000 za mwinuko, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Lubumbashi iko kwenye mita 1 200 hivi, Bukavu karibu 1 500. Farasi 200 waliopimwa chini karibu na bahari wanabaki 175 hivi Lubumbashi, na karibu 170 Bukavu. Shimo la katikati nalo linajisikia zaidi. Kwa mtu wa miji hiyo anayeweza kulipata moja ya magari haya mawili, GR86 ni bora kuliko lile la kwanza, na sababu ni hiyo Newton-mita ya chini. Ajue pia kwamba gari lote limeinuka sentimita 13 hivi tu kutoka ardhini. Mashimo ya barabarani yatamsumbua mapema kuliko upungufu wa farasi.

Historia nayo inaunga mkono farasi wachache. Jina 86 linatokana na AE86, gari dogo la Toyota la miaka ya 1983 hadi 1987, lenye moteri ya lita 1,6 na farasi 130 kwa hesabu ya Japani ya wakati ule. Uzito wake ulikuwa chini ya tani moja. Ndilo gari ambalo Keiichi Tsuchiya alijulikana kwa kulitelezesha kwenye kona za milimani, na hadi leo bei yake kwa wakusanyaji wa magari inapanda. Mazda MX-5 ilionyeshwa Chicago mwaka 1989 ikiwa na farasi 115 hivi na uzito chini ya tani moja. Mwaka 2016 Mazda ilitimiza magari milioni moja ya aina hiyo. Watu milioni moja hawakununua gari la wazi la viti viwili kwa sababu ya mbio zake.

Upande wa pili uko Hyundai Ioniq 5 N, gari la betri la mwaka 2023. Lina farasi 609, ambao hufika 650 kwa sekunde chache dereva akibonyeza kitufe, na uzito wa karibu kilo 2 200. Linafika kilomita 100 kwa sekunde 3,4. Pamoja na nguvu yote hiyo, Hyundai iliona ni lazima iweke programu inayoigiza vitesi ambazo gari halina, na spika zinazotoa mlio wa moteri ambayo haipo. Kampuni iliyokuwa na farasi mara tatu ya Toyota 86 iligundua kwamba bado dereva anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono na masikio yake.

Hapo ndipo hatari ya kuhukumu gari kwa namba moja inapoonekana. Mnunuzi analipia farasi ambao sheria na barabara hazimruhusu kuwatumia, na analipia pia mafuta yao, mipira yao na bima yao. Viwanda vinafuata namba hiyo kwa sababu ndiyo inayouza. Magari mepesi yanazidi kupungua. GR86 yenyewe iliuzwa Ulaya kwa miaka miwili tu, kwa sababu kanuni mpya za usalama zilizoanza Julai 2024 zingedai ibadilishwe kwa gharama kubwa. Sababu hiyo haihusiani na nguvu, lakini matokeo ni yaleyale: gari la bei ya wastani lililotengenezwa kwa ajili ya furaha ya kuendesha limeondoka kwenye soko kubwa, na waliokuwa wakilidharau kwa hesabu ya farasi hawakulitetea.

Anayetaka kununua gari la spoti kwa matumizi ya kila siku aache kuuliza kwanza lina farasi wangapi. Aulize kilele cha nguvu ya kuzungusha kiko kwenye mzunguko wa ngapi, gari lina kilo ngapi, na vitesi ya pili inaishia wapi. Kisha alijaribu kwenye barabara anayopita kila siku, katika vitesi ya tatu, kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa. Gari likiitika hapo, farasi 200 watamtosha kwa miaka mingi.