Programu Huria Zisizo na Mtunzaji: Nani Ataziba Ufa?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Takwimu zinazojazwa katika vitabu vya MTUHA kwenye zahanati za Temeke na Kinondoni huishia katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kuendelezwa pia na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watunzaji wake wanajulikana. Linalohitaji kutazamwa ni vipande vilivyomo ndani yake.

Programu kubwa haiandikwi yote upya. Watengenezaji huazima maktaba, yaani vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na wengine na kutolewa bure. Tracker Capture, sehemu ya DHIS2 ya kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja kutoka hudhurio hadi hudhurio, ilijengwa juu ya maktaba ya AngularJS ya kampuni ya Google. Mwishoni mwa mwaka 2021 Google ilisitisha matunzo yake. Kesho yake hakuna kilichoharibika. Fomu zilifunguka kama kawaida. Hapo ndipo uamuzi unapokuwa mgumu, kwani hasara iko katika ufa utakaogunduliwa baadaye bila fundi wa kuuziba. Programu mbadala, Capture, imekwisha kuandaliwa, lakini kuhama kunadai muda na mafunzo kwa watumishi ambao tayari wana foleni ya wagonjwa mlangoni.

Je, kila maktaba iliyoachwa iondolewe? Kwa maoni yetu, hapana. Inayopanga tarehe katika ripoti ya ndani yaweza kubaki, mradi wapo mafundi wa kuusoma msimbo wake na kuurekebisha. Leseni huria inawaruhusu. Inayopokea maandishi kutoka intaneti na kugusa jina na ugonjwa wa mtu ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa azilinde.

Wala tarehe ya toleo la mwisho haitoshi kuwa kipimo. Machi 2024 iligundulika kwamba mlango wa siri ulikuwa umepandikizwa katika xz, maktaba ya mifumo ya Linux iliyokuwa ikitoa matoleo mapya. Aliyeupandikiza alijitokeza kama msaidizi wa mtunzaji aliyekuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo.

Halmashauri inayopokea mfumo kutoka kwa mzabuni idai orodha ya maktaba zilizomo, na mbele ya kila moja jina la atakayeirekebisha. Mkataba ukikosa safu hiyo ya pili, mzigo utamwangukia ofisa TEHAMA wa manispaa, ambaye pengine ndiye anayetazamiwa pia kubadilisha wino wa printa.