Kiu Karibu na Kisima

Kwa muda mrefu sasa tumekuwa tukisikia, katika vikao vya maafisa utamaduni, katika ofisi za walimu na katika hotuba za wageni rasmi, lalamiko moja lililokwisha kuwa kama kiitikio cha ngoma: kwamba vijana wetu hawasomi. Nasi tumepata kulikariri, na tulilipwa posho ya kikao kwa kulikariri. Leo twataka kulikana.

Vijana wanasoma. Hilo tulilijua usiku mmoja nyumbani kwetu, tulipomkuta mpwa wetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amejifunika shuka gubigubi saa nane za usiku, simu mkononi. Tulidhani yumo katika upuuzi wa picha. Kumbe alikuwa katikati ya kitabu cha Kiingereza chenye kurasa zaidi ya mia sita, A Game of Thrones cha Mmarekani George R. R. Martin, kilichotoka mwaka 1996. Tulipomwuliza ni nani aliyemlazimisha, alitutazama kama mtu aliyeulizwa ni nani aliyemlazimisha kula. Asubuhi yake alitutajia vitabu wanavyoazimana yeye na wenzake. Wapo wanaorudia The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, iliyotolewa kati ya mwaka 1954 na 1955. Wapo waliosoma Children of Blood and Bone (2018) ya Tomi Adeyemi, binti wa wazazi Wanijeria aliyezaliwa Marekani. Mmoja, anayetamani kuwa mwanasheria, anapambana na Wolf Hall (2009) ya Hilary Mantel, habari za waziri wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Na mwingine ameanza Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah.

Katika orodha nzima hapakuwa na kitabu hata kimoja cha Kiswahili. Tulimwuliza, je, Kusadikika? Akajibu: "Hicho cha mtihani, mjomba."

Neno hilo lilitukaa rohoni. Vijana hawa wana kiu ya mambo mawili, mambo ya ajabu na mambo ya kale; na kwa mtazamo wetu kiu hiyo ni moja. Hawakuipata Ulaya. Ni kiu ya kale kabisa katika lugha hii. Sisi watu wazima, watunzi, walimu, wachapishaji na watumishi wa utamaduni, ndio tuliowafukuza kisimani, kisha tukawashangaa wakinywa kwa jirani.

Wanaochukizwa na usomaji huu huleta hoja mbili, nazo husemwa kwa sauti ya busara hata wachache wakathubutu kuzipinga. Ya kwanza ni kwamba hadithi za ajabu ni mambo ya kitoto. Ati mwandishi mzalendo hana budi kuandika juu ya rushwa, mimba za shuleni na taabu za mijini, na kwamba majini na mazimwi hayafai katika taifa linalotaka maendeleo. Ya pili ni kwamba mambo ya kale yaachiwe wanahistoria, maana mtunzi akiyagusa atayatia chumvi. Hoja zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni kutojua fasihi ya Kiswahili ilikotoka.

Kabla riwaya haijapigwa chapa kwa lugha hii, watu wa mwambao walikuwa wakikesha wakisikiliza tenzi. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo bin Athumani, ni habari za vita vya Waislamu na Kaisari wa Rumi, na mtunzi wake aliishi miaka zaidi ya elfu moja baada ya zama anazozisimulia. Je, alikuwa mtoto? Tumtazame pia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa upande wa Tanga. Huyu alitunga Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, wenye mashujaa wa Uarabuni wa kale. Na kalamu ileile ikatunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia jinsi Wajerumani walivyoishika pwani na jinsi akina Bushiri bin Salim walivyowapinga, mpaka Bushiri aliponyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Kwa Hemedi, shujaa wa mbali na shujaa wa jirani walistahili bahari moja ya utenzi. Naye Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akautungia utenzi Vita vya Maji Maji wakati walioviona vita hivyo wangali hai. Leo ukimtajia mwanafunzi majina hayo, atakuuliza yamo katika sura ya ngapi.

Na Fumo Liyongo je? Hebu tukae kidogo kwa Liyongo, maana habari yake inatuhusu kuliko tunavyodhani. Huyu ni mtu mrefu mno na mwenye nguvu mno, tena mshairi. Anafungwa gerezani, na mama yake anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi hawatakitamani. Hauliki kwa chuma wala kwa mshale, ila kwa sindano ya shaba kitovuni; na siri hiyo anaifichua mwanawe mwenyewe kwa tamaa ya kuozwa binti wa mfalme. Akichomwa, Liyongo anashika upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde na kufa vilevile. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanaogopa kusogea, wanashinda na kiu siku nyingi kwa hofu ya maiti. Edward Steere alikwisha kuipiga chapa hadithi hii London mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913. Tuonyesheni, ndugu wenye hoja ya kwanza, ni riwaya gani ya kigeni yenye kitendo kizito kuliko hicho. Nasi tumekitumia kwa maswali ya alama mbilimbili.

La kusikitisha ni kwamba mkoloni hakuidharau kiu hii hata siku moja. Aliitambua mapema, na alijua ni chakula gani cha kuitilia. Mwaka 1929 ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya King Solomon's Mines, kitabu cha H. Rider Haggard cha mwaka 1885, kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Tuliisoma utotoni katika nakala iliyochanika jalada, nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa tarishi, na twakiri kwamba tulitetemeka kwa furaha. Ilitupitia miaka kabla hatujajiuliza tulikuwa tukishangilia nini. Wazungu watatu wanaingia nchi ya Waafrika, wanajisingizia kuwa wametoka nyotani, wanawatisha wenyeji kwa hesabu ya kupatwa iliyo katika kalenda ya mfukoni, kisha wanatoka na almasi. Ajabu yote ni ya Afrika, na akili yote ni ya mgeni! Miaka mitano baadaye, mwaka 1934, kikatoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Mbotela alitoka katika jamaa za waliokombolewa, na shukrani yake hatuikejeli. Lakini kitabu chake kiliwafunza wasomaji wa vizazi viwili kwamba katika historia ya utumwa Mwarabu ni mshikaji, Mwingereza ni mkombozi, na Mwafrika ni wa kufungwa na kufunguliwa tu. Ndiyo maana hoja ya pili haina nguvu kwetu. Mtunzi asipoyagusa mambo ya kale, hayabaki safi mikononi mwa wanahistoria. Mwingine atayatungia hadithi, na hadithi hiyo ndiyo itakayokumbukwa.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanywa. Ebrahim Hussein alitupa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Adam Shafi alitupa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na Kuli mwaka 1979, ambamo mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948 unanukia jasho. Kabla yao Shaaban Robert alikwisha kuonyesha kwamba ajabu ni silaha. Kusadikika (1951) ni nchi iliyo angani, ina wajumbe waliotumwa pande sita, na ina mtu mmoja anayesimama mbele ya baraza kutetea sheria. Mtawala wa kikoloni angeweza kuisoma akacheka tu kama hakuwa na masikio. Basi tukafanyaje na mali hiyo? Tuliifungia katika mtihani. Tumewafunza wanafunzi kuhesabu dhamira katika Adili na Nduguze kama karani ahesabuvyo magunia bandarini, tusiwaache hata dakika moja washtuke kwamba mtu mwema anaamka kila usiku kuwapiga manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake. Hatumlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika na mtihani mlangoni. Twamwomba jambo dogo: siku ya kwanza, kitabu kisomwe kwa sauti, pasiwe na daftari mezani.

Na wengine hatukuwafungia mtihanini, tuliwasahau kabisa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya kubwa ya maisha ya kisiwa chake kabla ya ukoloni. Hapakuwa na wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980, vitabu viwili, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano mzee yule aliingoja kazi yake! Ndani yake hamna joka wala jini wa kutisha. Mna mume anayetaka kumrejesha mke aliyechukuliwa na wakwe, na wakwe wanadai pombe ya ndizi. Lakini jinsi pombe ile inavyopikwa, jinsi shamba linavyolimwa, jinsi mganga anavyohangaikia utasa, ni dunia kamili kama dunia yoyote iliyobuniwa na Tolkien. Tofauti ni kwamba hii ilikuwapo. Tulimpa mpwa wetu nakala yetu. Alilalamika juu ya unene wake kwa siku mbili, yeye aliyebeba kurasa mia sita chini ya shuka. Siku ya tatu alianza kutuuliza maana ya maneno.

Sasa twende kwa Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Siku ile taifa lilivimba kwa fahari, nasi tulivimba pamoja nalo. Paradise yake ilikuwa imetoka mwaka 1994: kijana Yusufu anatolewa rehani kwa deni la baba yake, anafuata msafara wa tajiri Aziz kwenda bara, na Wajerumani wanaikaribia nchi. Watu wa kitabu kile twawajua, safari zao tumesimuliwa na babu zetu, na lugha yao ni hii tunayoandikia. Hata hivyo kilikuja kwa Kiswahili mwaka 2022 tu, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iitwayo Peponi. Miaka ishirini na minane, na pasipo Nobeli pengine tungali twangoja. Anayetaka kujua kwa nini kijana anamsoma Gurnah kwa Kiingereza asimwulize kijana.

Tungependa kusema neno na vijana wanaotunga, maana wapo, na wengine hutuletea kurasa zao. Mmoja, mzawa wa Newala, alituletea hadithi ya mfalme Edric, mwenye ngome juu ya theluji na joka lililolala juu ya dhahabu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ajabu. Tulimwuliza kama amepata kuiona theluji, akacheka. Huku si kusoma vitabu vya wageni, ni kusoma jalada la vitabu hivyo. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford, na joka lake lina nasaba na joka la Beowulf, utenzi wa kale wa watu wake. Martin alichota kwenye vita vya koo za Uingereza vya karne ya 15. Adeyemi alichota kwenye imani za Wayoruba. Kila mmoja wao alichimba kwao. Mwenye kuwapenda kweli na aige kuchimba kwao, aliache joka lao.

Na kwetu kuna nini? Kuna Kilwa aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, na Kilwa ileile ikiporwa na Wareno mwaka 1505. Kuna Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipolivunja jeshi la Zelewski. Na kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa kwao mwaka 1954, jambo ambalo mtunzi wa ajabu angelibuni, tungesema amezidisha.

Twaandika haya tukiwa na kidonda chetu, na si haki kukificha. Zamani kidogo tulitunga hadithi ndefu ya Kilwa ya mwaka 1505, tukampelekea mchapishaji mmoja. Mswada ulikaa miaka minne, ukarudi na barua ya mistari mitatu: haukuwa na ujumbe kwa jamii ya leo, na kama tungeweza kuandika kitabu kifupi kuhusu mazingira kingepokelewa. Tukaufungia sandukuni, tukarudi kwenye majalada ya ofisi na mashairi ya sherehe. Mwezi uliopita mpwa wetu aliufumania akitafuta kamusi. Amefika ukurasa wa arobaini, na hadi sasa ana kosa moja tu la kutushtakia: kwamba Wareno wanachelewa mno kuingia. Tumeutazama upya ule mlango wa pili, na kwa kweli hakukosea.